Siku mia moja za ngumi tano: shajara ya mazoezi ya Xingyi, Tianjin

Siku ya 1 (1 Septemba)

Nimeanza leo saa kumi na mbili alfajiri, katika bustani iliyo jirani na bweni letu hapa Tianjin, mradi nilioupangia siku mia moja. Kila siku nitafanya mazoezi ya Xingyiquan, au Xingyi kwa kifupi, sanaa ya mapigano ya Kichina, kwa saa moja na robo, chini ya mwalimu ambaye ni mzee mstaafu wa kiwandani, nikianza na usimamaji na kuendelea na ngumi tano za msingi moja baada ya nyingine, na kila jambo nitaliandika humu pamoja na idadi ya dakika na ya hatua. Ninachotaka kukijua ni kimoja. Kila ngumi kati ya hizo tano imepewa mahali pake katika nadharia ya Wachina ya mti, moto, udongo, chuma na maji. Je, nadharia hiyo inaufundisha mwili kitu, au ni vazi lililovikwa ngumi ambazo zingepigwa vilevile bila hilo?

Kwa msomaji asiyeijua sanaa hii, Xingyi ni mojawapo ya sanaa tatu za mapigano ambazo Wachina huziita za ndani, mbili nyingine zikiwa Taiji na Bagua. Jina hilo la ndani ni la zamani, kwani limo katika maandishi ya kaburini ambayo Huang Zongxi alimwandikia mpiganaji Wang Zhengnan mwaka 1669, lakini aliyezieneza hizi tatu kwa kalamu kama jamaa moja ni Sun Lutang, mtu wa Hebei aliyezijua zote, ambaye kitabu chake cha Xingyi kilitoka mwaka 1915. Kati ya hizo, Xingyi ndiyo yenye sura kavu kuliko zote: mtu huenda mbele kwa mstari, hupiga, huvuta mguu wa nyuma, hupiga tena, hugeuka, hurudi. Mpita njia hasimami kuitazama.

Siku ya 4

Mimi nimekulia Tanga, ambako bado wapo wazee wanaotaka nyota za bwana na bibi harusi zilinganishwe kabla ya posa kukubaliwa, na kila mtoto hukua akisikia kwamba fulani ni nyota ya moto na fulani ni nyota ya maji. Unajimu wetu wa pwani una nne: moto, upepo, maji na udongo. Kwa hiyo nilipokutana na hesabu ya Wachina nilijikuta kwanza nikitafuta kilichopungua, nikaona kwamba upepo haumo, na badala yake wamo mti na chuma. Ilinichukua muda kutambua kwamba tofauti kubwa haiko katika idadi. Nyota zetu zinaeleza mtu alivyo, yaani tabia aliyozaliwa nayo, ilhali orodha yao inaeleza kitu kinavyokwenda. Neno lao ni wuxing, na xing maana yake ni kwenda. Ndiyo maana katika shajara hii ninaandika mienendo mitano, wala siandiki elementi tano kama ilivyozoeleka.

Jana usiku nilisoma sura ya Hong Fan katika Shangshu, ambayo ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Kichina, nikaona kwamba pale mienendo yote mitano inaelezwa kwa vitenzi: maji hulowesha na kushuka, moto huwaka na kupanda, mti hupinda na kunyooka, chuma hutii na kubadilika umbo, na udongo hupokea mbegu na kutoa mavuno. Haisemwi kwamba mwili wa binadamu umejengwa kwa vitu hivyo. Wenye kuchanganya nadharia hii na siasa, na dawa, na pande za dunia, na rangi, walikuja baadaye, na mashuhuri kati yao alikuwa Zou Yan wa karne ya tatu kabla ya Kristo, aliyedai kwamba hata nasaba za wafalme huangushana kwa utaratibu huohuo. Nimeamua kwamba kwa siku mia hizi nitashika vitenzi, na mengine nitayaacha yanisubiri.

Siku ya 9

Bado sijapewa ngumi hata moja. Tunasimama tu, katika mkao unaoitwa santishi, yaani mkao wa miili mitatu: mbingu, ardhi na mtu. Mguu mmoja uko mbele, uzito takriban sehemu saba kati ya kumi umekaa juu ya mguu wa nyuma, kiganja cha mbele kiko usawa wa kifua, cha nyuma kiko kitovuni, na ncha tatu, yaani ya pua, ya kidole cha mkono wa mbele na ya kidole cha mguu wa mbele, zimo katika mstari mmoja. Ulimi unagusa kaakaa, mabega yameteremka, utosi unasukuma juu kana kwamba mtu amejitwika ndoo ya maji. Mfano huu wa ndoo ni wangu, nao umenisaidia kuliko maelezo yote niliyosoma, kwa kuwa nimewaona mama zangu wakitembea nayo kutwa bila kumwaga hata tone.

Dakika: nne upande wa kushoto, tatu na nusu upande wa kulia. Nilipoanza nilimaliza mbili kwa taabu.

Siku ya 15

Ngumi ya kwanza ni pi, nayo ni ya chuma. Pi ni kupasua, kama mtu anavyopasua gogo kwa shoka, na ajabu yake ni kwamba inapigwa kwa kiganja kilichofunguka. Mkono hupanda ukiwa umefungwa ngumi na kujizungusha kama keekee, kisha hufunguka ukiwa unapinduka na kushuka, na mguu wa mbele hutua wakati uleule kiganja kinapofika. Kanuni ya kupanda kwa kutoboa na kushuka kwa kupindua inahusu ngumi zote tano, lakini inafundishwa hapa kwanza kwa sababu hapa inaonekana kwa macho.

Nimefanya hatua mia moja na ishirini. Mwalimu alitazama karibu zote bila kusema neno, kisha akaniambia kwamba ninapiga kwa mkono, na kwamba shoka halipasui gogo kwa nguvu ya kiganja cha mwenye kulishika. Nyumbani nimewahi kupasua kuni za karafuu na za mwembe, na ninajua kwamba anenacho ni kweli: mpasuaji hodari huinua shoka bila haraka na kuliacha lianguke pamoja na mgongo wake wote. Kesho nitaanza kuhesabu upya.

Siku ya 23

Goti la kulia limevimba. Kosa ni langu mwenyewe, kwani siku nane zilizopita niliongeza dakika za kusimama kutoka saba hadi kumi na mbili kwa mkupuo, nikitaka tarakimu ya kuandika humu. Kilichotokea nimekiona katika video niliyojirekodi: ninapochoka, goti la nyuma huangukia ndani wakati unyayo umebaki umeelekea nje kwa nyuzi arobaini na tano, na uzito wote hukaa juu ya goti lililopindwa. Mwalimu amenikataza kusimama kwa siku tano na kunipa zoezi la kukaa kwenye kigoda na kupandisha na kushusha mikono tu.

Siku ya 28

Nimerudi kwenye kusimama, dakika tano kila upande, na safari hii ninaanza kwa kukunja nyonga kabla ya kukunja goti, kana kwamba ninataka kukaa juu ya mkeka ulioko nyuma yangu. Maumivu hayapo. Siku tano za kukaa hazikupotea, maana mikono ilipokuwa haina miguu ya kuitegemea niligundua kwamba bega langu la kushoto hupanda kila mkono wa kushoto unapopanda. Nimeliandika, lakini sijalitibu.

Siku ya 36

Zuan, ngumi ya maji. Huu ni utoboaji wa kutoka chini kwenda juu: ngumi iliyogeuzwa kiganja kuelekea usoni hutoka kifuani, hupitia mbele ya kidevu na kusimama kwenye usawa wa pua, huku mkono mwingine ukikandamiza chini. Mwanzoni nilishangaa, kwa kuwa Hong Fan inasema maji hushuka, na ngumi hii inapanda. Jibu nililipata mwilini kabla ya kulipata kichwani. Kiganja cha pi kinapomaliza kushuka, mwili umejikunja kidogo kama chemchemi iliyogandamizwa, na ukikiacha kiganja kile kifunge ngumi na kuvutwa chini zaidi, mkono wa pili hupanda wenyewe, kama maji ya bomba lililobanwa. Wanaposema chuma huzaa maji, maana yake katika bustani hii ni kwamba mwisho wa pi ndio mwanzo wa zuan. Ninakiri kwamba hili limenitikisa, kwa sababu nilikuja nikitarajia kuona pambo.

Siku ya 50

Leo nimeanza beng, ngumi ya mti, na ninaona kwamba nitakaa nayo kwa muda mrefu.

Vitabu huilinganisha na mshale, na kweli ndiyo iliyonyooka kuliko zote: ngumi imesimama wima, viwiko vinasugua mbavu, shabaha ni chembe ya moyo, mguu wa mbele husonga na wa nyuma hufuata kwa nusu hatua. Lakini alama ya Kichina ya beng ina mlima juu yake, na maana yake ni kuporomoka, kama ukingo wa mto unavyoporomoka baada ya mvua. Nimelipenda neno letu hilo. Kuporomoka hakuna maandalizi; ardhi haivuti pumzi wala hairudi nyuma kabla ya kuanguka. Nami katika kila beng ninayopiga ninavuta kiwiko nyuma kwanza kwa upana wa vidole viwili, jambo ambalo video inalionyesha waziwazi, na mtu yeyote aliyesimama mbele yangu angeliona pia.

Hapa ndipo wafanya mazoezi wote wanapomtaja Guo Yunshen wa Shenzhou, mkoani Hebei, ambaye sifa yake ni kwamba beng yake ya nusu hatua ilishinda watu kote chini ya mbingu. Inasimuliwa kwamba alifungwa jela, na kwa kuwa miguu ilikuwa katika pingu hakuweza kupiga hatua nzima, akaifanya nusu hatua kuwa silaha. Sijui ni kiasi gani cha kisa hicho kimeongezwa chumvi, lakini mantiki yake inaaminika: mtu aliyenyimwa nafasi ya kukimbilia analazimika kutafuta nguvu kwenye mguu wa nyuma na kwenye kiuno. Nimejifunga mtandio kuzunguka vifundo vya miguu, nikiacha urefu wa nusu hatua tu, na nimepiga beng themanini hivyo. Wazee wanaocheza karata katika banda la jirani wamecheka sana, na mmoja wao ameniuliza nimehukumiwa miaka mingapi.

Siku ya 58

Mapokeo yanasema kwamba aliyeianzisha sanaa hii ni Ji Jike wa Puzhou, mkoani Shanxi, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Ming na mwanzoni mwa Qing, na kwamba alikuwa fundi wa mkuki aliyeuondoa mkuki mkononi na kubaki na miondoko yake. Leo mwalimu amenipa fimbo ndefu kunishinda, akanitaka nipige beng nikiwa nimeishika kwa mikono miwili. Kiwiko kikirudi nyuma, ncha ya fimbo hucheza huku na huko. Kiwiko kikitulia, ncha huenda moja kwa moja. Baada ya mara arobaini niliiweka chini na kupiga mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza video haikuonyesha vidole vile viwili.

Siku ya 63

Siku ya mvua, kwa hiyo nimekaa ndani na vitabu. Kuna tawi la zamani zaidi la sanaa hii, Xinyi Liuhe, ambalo lilitunzwa kwa vizazi vingi miongoni mwa Waislamu wa Hui mkoani Henan, na ambalo msingi wake ni wanyama kumi. Ngumi tano si msingi wao. Li Luoneng, mfanyabiashara wa Shenzhou aliyekwenda Shanxi kujifunza kwa ukoo wa Dai katika karne ya 19, ndiye ambaye wanafunzi wake, Guo Yunshen akiwa mmojawapo, waliieneza Xingyi yenye ngumi tano kama tunavyoijua Hebei. Kwa hoja yangu jambo hili ni zito, kwani linaonyesha kwamba mtu anaweza kupigana vizuri kwa sanaa hii bila kupitia mienendo mitano. Kama ni vazi, basi lilivaliwa njiani. Lakini vazi linaweza pia kushonwa likamkaa mtu vizuri.

Nimesoma vilevile orodha ya viungo vya mwili: pi kwa mapafu, zuan kwa figo, beng kwa ini, na zile mbili ambazo sijapewa bado, pao kwa moyo na heng kwa wengu. Orodha inatoka katika tiba ya Kichina, na wenzangu kadhaa bustanini wanafanya ngumi fulani mara nyingi zaidi kwa sababu ya ugonjwa fulani. Mimi sitaiandika humu kama dawa. Ninachoweza kusema ni kwamba pi, kwa kuufungua mkono na kifua, inanifanya nivute pumzi ndefu zaidi kuliko zuan na beng, na hilo nalihesabu kwa saa, si kwa imani.

Siku ya 70

Pao ni mzinga, na ni ngumi ya moto. Inakwenda kwa mshazari, kushoto na kulia: mkono mmoja hupanda ukijizungusha hadi mbele ya paji la uso na mwingine hulipuka kifuani kwa adui. Mwalimu anasema mti huzaa moto, yaani beng huzaa pao, lakini mimi sikuliona hilo kama nilivyoliona lile la chuma na maji. Nimejaribu kuunganisha ngumi hizo mbili kwa njia nne, na kila mara kuna mshono.

Siku ya 76 (15 Novemba)

Mabomba ya joto yamefunguliwa bwenini, na asubuhi kutoka nje kumekuwa vita vya kwanza vya siku. Hatua za pao: mia moja arobaini. Dakika za kusimama: kumi na tatu kushoto, kumi na moja kulia, bila maumivu.

Siku ya 82

Heng ni ngumi ya udongo, na wote waliotangulia walinionya kwamba ndiyo ngumu. Mkono wa nyuma hupita chini ya ule wa mbele, husafiri kwa kujizungusha kutoka ndani kwenda nje, na hufika ukiwa umevuka mstari wa adui kwa upande. Nimetafuta neno la Kiswahili la heng kwa siku mbili, nikalipata kwa mama yangu kwenye simu, aliyekuwa akilalamika kwamba mti umeanguka na kukingama barabarani. Kukingama ndiko huko. Mti uliokingama haumsukumi mtu wala haumvuti. Umelala tu mahali ambapo njia yake inapita.

Kuna kauli moja katika mafunzo ya Xingyi inayosema kwamba mkono unapopanda kwa mkingamo, mkingamo usionekane, na unaposhuka kwa kunyooka, mnyooko usionekane. Niliisoma miezi mitatu iliyopita nikaiona kama kitendawili cha kuringia. Sasa ninaposhika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto na kupandisha pi polepole, ninahisi mzunguko mdogo wa mfupa wa mkono, mzunguko uleule wa heng, umejificha ndani ya kupanda. Umo katika zuan pia, na katika mkono unaopanda wa pao. Kwa hiyo udongo unaitwa mama wa mingine kwa sababu ya kawaida kabisa: pasipo ule mzunguko, mkono unaopanda hauwezi kumkengeusha mtu, na ngumi tano zinabaki kuwa njia tano za kunyoosha kiwiko.

Siku ya 88

Leo tumeanza mazoezi ya wawili, yanayofuata mzunguko wa kushindana: chuma hukata mti, moto huyeyusha chuma, maji huzima moto, udongo huzuia maji, na mti hupenya udongo. Mwenzangu ni mwanafunzi kutoka Lubumbashi, mrefu kunishinda kwa kichwa, aliyefika bustanini mwaka mmoja kabla yangu. Mimi ninapiga beng. Yeye anaigandamiza kwa pi. Mimi ninainua pi yake na kupiga pao. Yeye anaizunguka pao kwa zuan. Mimi ninaikingama zuan kwa heng. Naye, kabla heng haijafunga, anaipenya kwa beng, na hapo majukumu yamebadilishana bila mtu kusimama. Mara tano za kwanza nilipigwa mbavuni mara tano.

Nilikuwa ninafikiri mzunguko huu ni kama mchezo wa watoto wa jiwe, karatasi na mkasi, ambapo kila kitu kina mshindi wake. Sivyo. Pi yangu niliyoichelewesha kwa kufumba na kufumbua jicho haikuishinda beng yake hata kidogo, na pao yake aliyoipiga mapema mno ilikutana na hewa tupu. Chuma hukata mti pale tu ambapo mti uko tayari njiani na haujafika. Tulipopumzika, aliniambia kwa Kiswahili cha kwao, ambamo yaya ni ndugu mkubwa:

«Yaya, unangoya mukono, na miye nakuya na mwili muzima.»

Alikuwa sahihi. Nilikuwa ninalitambua jina la ngumi kwanza, kisha ninalitafuta jina linaloishinda, na muda wa kutafuta ndio uliokuwa ukinipiga mbavuni.

Siku ya 93

Tumefanya mzunguko kwa mwendo wa pole, kama watu waliomo ndani ya maji, mizunguko thelathini. Nimekatazwa kuangalia mikono. Ninaangalia kifua chake. Kifua kikiporomoka, ni beng. Kikiinuka, ni zuan. Bega likigeuka, ni pao. Vitenzi vile vya Hong Fan vimerudi, ila safari hii ninavisoma kwa mtu mwingine.

Siku ya 97

Nimejaribu kuandika jibu la swali la siku ya kwanza. Mizunguko miwili haina uzito sawa. Mzunguko wa kuzaana umenisaidia kati ya pi na zuan, na kidogo kati ya zuan na beng, ambapo mkono unaoshuka kutoka usoni hufungua njia ya ule unaonyooka. Kati ya beng na pao umenisaidia kwa kuniudhi tu, na kati ya pao na heng sina la kusema. Mzunguko wa kushindana umenifaa zaidi, lakini kama ratiba ya wakati, yaani ya lini mkono ufike, na wala si kama orodha ya nani mkubwa kwa nani. Mwanafunzi mwingine angeweza kufundishwa hayo yote bila kutajiwa mti wala moto. Mimi, hata hivyo, nisingeacha kuvuta kiwiko nyuma kama nisingeambiwa kwamba beng ni kuporomoka, na nisingeuhisi mzunguko wa mkono kama nisingelitafuta neno la heng.

Siku ya 100 (9 Desemba)

Baridi kali, na udongo wa bustani umekuwa mgumu kama sakafu. Dakika za kusimama: kumi na nane kushoto, kumi na sita kulia. Pi mia mbili, zuan mia, beng mia mbili, pao mia, heng mia na kumi. Mizunguko ya wawili: kumi na miwili kwa mwendo wa kawaida, na mbavu zangu zimefikiwa mara tatu.

Nimeitazama video ya siku ya 15 na ya leo, nikiziweka sambamba. Miguu na mikono sasa inatua pamoja, na katika pi ya leo mkingamo upo na hauonekani, isipokuwa upande wa kushoto, ambako bega bado linapanda kama lilivyokuwa likipanda nilipokaa kigodani. Mwalimu naye ameitazama, ameirudisha nyuma mara mbili, kisha amenirudishia simu na kuniambia kesho nianze tena na pi, kushoto kwanza, hatua thelathini tu.